Krismasi Pwani: Usingoje Kiu Ndipo Unywe Maji

Mwaka mmoja, tarehe 26 Desemba, mzee wa miaka 68 aliletwa kwenye zahanati ninakofanya kazi hapa Mombasa. Aliletwa kwa tuktuk, amefunikwa blanketi kuanzia miguuni hadi shingoni. Binti yake alinieleza kwamba baba alikuwa ameshikwa na malaria. Mwili ulikuwa ukichoma kama tanuri, maneno yake hayakuwa na mpangilio, na hata mjukuu wake mpendwa hakumtambua. Walikuwa wamempa tembe mbili za kutuliza homa, kisha wakamfunika ili atoke jasho.

Kipimo cha joto kilionyesha nyuzi 41. Damu yake haikuwa na vijidudu vya malaria. Nilipomhoji binti, kisa kikaanza kueleweka. Mzee alikuwa amewasili kutoka bara kwa basi mkesha wa Krismasi, na njiani hakunywa hata funda la maji kwa kuchelea kumsumbua dereva asimamishe gari aende haja. Siku ya Krismasi alishinda ufuoni juani, amevaa koti lake la heshima, akiwatazama wajukuu wakiogelea. Alikunywa soda mbili na kikombe cha chai. Siku ya pili wakarudi pale pale. Asubuhi zote hizo alikuwa amemeza dawa yake ya shinikizo la damu, ile ambayo humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Ilipofika alasiri, akaanza kuweweseka.

Mzee aliponea kwenye tundu la sindano. Alilazwa hospitalini siku tisa, na figo zake zilichukua wiki kadhaa kurejea katika hali ya kawaida. Nakusimulia kisa hiki, msomaji mpenzi, kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa wenyewe ungezuiwa kwa glasi chache za maji. Pili, jamaa zake walimpenda na walitaka kumsaidia, lakini lile blanketi lilikaribia kumuua. Leo tujifunze mambo haya mawili: jinsi ya kunywa maji ipasavyo wakati wa sherehe za Desemba, na la kufanya joto linapomwangusha mtu.

MWILI UNAVYOJIPOZA

Zaidi ya nusu ya uzani wa mtu mzima ni maji. Mtu wa kilo 70 ana takriban lita 40 mwilini. Maji hayo ndiyo yanayoifanya damu iwe nyepesi ya kutosha kuzunguka, ndiyo yanayosafisha figo, na ndiyo yanayotengeneza jasho.

Mwili hujitahidi kubaki kwenye joto la nyuzi 37 hivi. Joto linapozidi, ubongo huamrisha mambo mawili. Mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi hupanuka ili damu ipeleke joto nje, na vitezi vya jasho huanza kufanya kazi. Jasho linapokauka kwenye ngozi huondoka na joto. Zingatia neno hilo: linapokauka. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halikupozi. Linakupotezea maji na chumvi bure.

Hapa ndipo Pwani inapotofautiana na bara. Tangu Desemba hadi Machi, msimu wa kaskazi, joto la mchana mjini Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na hewa huwa imejaa unyevunyevu wa bahari. Hewa yenye unyevu mwingi haipokei jasho kwa urahisi, kama vile nguo zisivyokauka upesi siku ya mawingu. Kwa hivyo mtu hutoka jasho jingi na bado mwili haupoi vizuri. Anayetembea, kucheza au kucheza ngoma kwenye joto kama hilo anaweza kupoteza nusu lita hadi lita nzima ya maji kwa saa moja.

Kiu nayo si mlinzi wa kutegemewa peke yake. Aghalabu mtu huanza kuihisi baada ya mwili kuwa tayari umepungukiwa. Kwa mzee, hisia ya kiu hufifia kadiri umri unavyosonga, na mtoto aliyezama katika michezo haisikii kabisa. Mtu wa kilo 70 akipoteza kiasi cha lita moja na nusu tu, ambayo ni asilimia 2 ya uzani wake, kichwa huanza kumuuma, nguvu humpungua na hasira humjia upesi. Ugomvi mwingi wa familia siku ya Krismasi alasiri ungeisha, nadhani, kama kila mtu angepewa glasi mbili za maji.

KWA NINI WAGENI HUUMIA ZAIDI

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayetoka huko, au Nyahururu, au Eldoret, mwili wake umezoea hewa baridi. Mwili unaweza kujifunza kustahimili joto: jasho huanza mapema zaidi, chumvi inayopotea hupungua, na moyo hufanya kazi kwa utulivu. Lakini somo hilo huchukua wiki moja hadi mbili. Mgeni wa Krismasi kwa kawaida huwa na siku nne au tano tu, na huzitumia zote juani.

Ushauri wangu ni kwamba siku mbili au tatu za kwanza uzichukulie kwa upole. Nenda ufuoni asubuhi, urudi kivulini kati ya saa tano na saa tisa mchana, kisha utoke tena jioni. Vaa nguo nyepesi za pamba zisizobana, na kofia pana. Suti na koti zisubiri safari ya kurudi nyumbani.

Msongamano huongeza tatizo. Tazama ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta siku ya Mwaka Mpya, foleni ya feri ya Likoni, au umati wa Mama Ngina unaosubiri fataki usiku wa manane. Watu wakisongamana huzuia upepo na kupashana joto wao kwa wao. Aliye katikati hawezi kutoka kwa urahisi kutafuta maji, na akizimia huenda asionekane mara moja. Ulimwengu ulishuhudia hatari ya joto na umati huko Makka wakati wa Hija ya mwaka 2024, ambapo mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki, wengi wao wakiwa wametembea masafa marefu juani bila kivuli. Fuo zetu hazifikii joto kali kama lile la Makka, lakini mwili hupungukiwa maji kwa njia ile ile.

HOFU YA CHOO

Sasa tuzungumze jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Katika miaka yangu ya kutibu, nimegundua kwamba wengi wanaoishiwa maji wakati wa sikukuu hawakukosa maji. Waliyaepuka. Mwanamke huepuka kunywa kwa sababu choo cha ufuoni ni kichafu au foleni yake ni ndefu. Mama humnyima mtoto maji kwenye basi ili asije akamkojolea. Mzee mwenye matatizo ya kibofu huona aibu kusimama kila mara.

Hofu hiyo ina sababu, lakini dawa yake si kukauka. Kabla ya kusafiri, uliza basi litapumzika wapi. Mengi ya Nairobi kwenda Mombasa husimama Mtito Andei au Voi. Kunywa glasi moja au mbili saa mbili kabla ya kuondoka, nenda haja, kisha unywe mafunda madogo njiani na glasi kamili mnapokaribia kituo. Ukifika mahali pa sherehe, jambo la kwanza ni kujua choo kiko wapi, hata kabla ya kutandika mkeka. Beba karatasi za chooni, sabuni na chupa ya maji ya kunawa. Mtoto mdogo mvalishe nepi safarini, na umbebee nguo za akiba. Suruali iliyolowa mkojo hufuliwa ikatakata. Figo iliyoharibika haifuliwi.

UNYWE KIASI GANI

Hakuna kipimo kimoja kinachowafaa watu wote. Hata hivyo, mtu mzima mwenye afya anayeshinda nje kwenye joto la Pwani atahitaji takriban lita tatu kwa siku, na zaidi akitoka jasho jingi. Fuata utaratibu huu:

1. Kunywa glasi mbili asubuhi kabla ya kutoka.

2. Ukiwa kivulini umetulia, kunywa glasi moja kila saa.

3. Ukiwa juani, ukitembea au kucheza, kunywa glasi moja kila dakika 20 hadi 30. Mtoto mpe mafunda kadhaa kwa muda huo huo bila kungoja aombe.

4. Usizidishe lita moja kwa saa. Figo zina kikomo cha kutoa maji, na anayemwaga lita nyingi tumboni kwa pupa huweza kuipunguza mno chumvi ya damu. Hali hiyo huleta kichefuchefu, kuchanganyikiwa na hata degedege.

5. Jioni kunywa tena glasi mbili, hata kama huna kiu.

Mkojo wako ndio kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Ukiwa na rangi hafifu kama maji ya ndimu, uko salama. Ukikolea kama chai ya rangi, au ukikaa saa sita bila kwenda haja, mwili unalalamika. Ukimeza vidonge vya vitamini, rangi inaweza kubadilika, kwa hivyo angalia pia wingi wake.

UNYWE NINI

Maji safi ndiyo bora. Nasisitiza neno safi, kwa kuwa kipindupindu kimetusumbua mara nyingi nchini, ukiwemo mkurupuko ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka 2023. Maji ya mkokoteni au ya jerikeni yachemshe au yatie dawa ya klorini kabla ya kunywa. Ukinunua chupa, hakikisha kizibo hakijafunguliwa. Jihadhari na barafu na sharubati usizojua maji yake yalitoka wapi.

Madafu ni kinywaji kizuri, tena hukatwa mbele yako. Yana madini ya potasiamu kwa wingi lakini chumvi yake ni kidogo, basi yachanganye na chakula chenye chumvi kiasi. Mgonjwa wa figo asiyanywe ovyo, kwani potasiamu nyingi yaweza kuudhuru moyo wake.

Matunda kama tikiti maji, machungwa na matango huongeza maji mwilini. Yaoshwe na kukatwa nyumbani. Chai ya kawaida pia huhesabika kama maji, ingawa haitoshi peke yake.

Soda si maji. Chupa ndogo ya mililita 300 huweza kuwa na sukari ya vijiko saba vya chai au zaidi. Moja ya kuonja raha si kosa, lakini mtoto anayepewa soda kila anapolia kiu hushiba sukari na kukataa maji. Mwenye kisukari aiache kabisa.

Pombe, iwe bia au mnazi, huzuia ile homoni inayoziamrisha figo zihifadhi maji. Ndiyo maana mnywaji huenda haja mara nyingi na kuamka na kichwa kizito. Kama lazima unywe, ngoja jua litue, na kati ya glasi moja na nyingine kunywa glasi ya maji.

Aliyetoka jasho jingi kwa saa nyingi, au anayehara na kutapika, anahitaji chumvi na sukari pamoja na maji. Nunua pakiti za ORS dukani la dawa kabla ya safari. Hazina bei kubwa. Soma maandishi yake, kwani nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Ukizikosa, chukua lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa bila kulundika. Koroga mpaka viyeyuke. Onja: yasizidi machozi kwa chumvi. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

WANAOHITAJI UANGALIFU ZAIDI

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama mwenyewe ndiye anywe kwa wingi. Mtoto wa umri wowote asiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Joto la ndani huweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi katika dakika kumi.

Mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wa kawaida Pwani na sehemu za Ziwa Victoria, asiwe na kiu hata siku moja. Kupungukiwa na maji huzifanya seli zake za damu zizibe mishipa, na maumivu makali hufuata.

Wajawazito, wazee na wenye kisukari pia wamo katika kundi hili. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo wasiziache wenyewe, bali wamwone daktari wao kabla ya safari waulize namna ya kuzitumia kwenye joto. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu aliyeambiwa apunguze maji asifuate vipimo nilivyotoa hapo juu. Afuate vya daktari wake. Na yeyote aliyekauka asikimbilie dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, kwa sababu huziumiza figo zilizokosa maji.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mwanzoni mtu huhisi kinywa kikavu, kichwa kikimuuma na uchovu. Misuli ya miguu au tumbo huweza kukaza kwa maumivu. Kwa mtoto mchanga tazama machozi yasiyotoka, macho na utosi ulioingia ndani, na nepi iliyokaa kavu saa sita.

Hatua ya pili ni kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, ngozi yenye ubaridi na moyo unaokwenda mbio. Huyu bado ana fahamu zake. Mpeleke kivulini, mlaze miguu ikiwa juu kidogo, mvue nguo za ziada, mpepee, na umpe maji au ORS kidogo kidogo. Asipopata nafuu kwa nusu saa, au akiendelea kutapika, mpeleke hospitali.

Hatua ya tatu ndiyo iliyompata yule mzee. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au zaidi na akili huvurugika. Mgonjwa hupayuka, huyumba kama mlevi, hupatwa na degedege au huzimia. Ngozi yaweza kuwa kavu na moto, lakini aliyekuwa akikimbia au kucheza huweza bado kulowa jasho. Basi usihadaiwe na jasho. Angalia akili yake. Mtu aliyeshinda juani akianza kusema yasiyoeleweka, usiseme amelewa, wala usiseme amepagawa.

MPOZE KWANZA

Kila dakika ina thamani, kwa hivyo anza kumpoza hapo hapo huku mtu mwingine akitafuta gari.

Mvue nguo zinazozuia hewa. Mmwagie maji mwili mzima, hata ya bahari yanafaa, au umfunike leso iliyolowa na uwe ukiilowesha tena na tena. Mpepee kwa nguvu kwa leso, katoni au sinia. Ukipata barafu, ifunge kwenye kitambaa uiweke shingoni, kwapani na kwenye kinena. Asiye na fahamu mlaze ubavu na usimtie chochote kinywani, asije akapaliwa. Endelea kumlowesha na kumpepea garini hadi mlango wa hospitali.

Dawa za homa kama parasetamoli hazisaidii hapa. Homa ya malaria hutokana na mwili kujipandishia joto ili kupambana na vijidudu, na dawa hizo huushusha. Joto la jua huingia kutoka nje, na linatolewa kwa maji na upepo tu. Malaria nayo ipo Pwani, hivyo damu lazima ipimwe hospitalini. Lakini hata kama ni malaria, blanketi halina kazi kwa mtu anayechoma kama tanuri.

Yule mzee alirudi Pwani Desemba iliyofuata, akapita zahanati kunisalimu. Alivaa shati la mikono mifupi na kofia ya ukili, na mjukuu wake alikuwa amebeba chupa mbili za maji. Mzee alilalamika kwamba mtoto huyo anamfuata kila nusu saa na glasi, kama askari jela. Nikamwambia mtoto asimwachilie.

Wewe nawe, kabla hamjafunga mizigo mwaka huu, mteue mmoja katika familia awe mlinzi wa maji. Kazi yake iwe kukumbusha, kujaza chupa na kuwatazama wazee na watoto. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii inapatikana mferejini. Nawatakia sikukuu njema.